Nilivutwa na maksai nikidhani naendesha: jinsi mkamwana wangu alivyonifundisha pikipiki hadi nikapata leseni

Wakuu wa jukwaa, kamwene.

Mwaka 1972, nikiwa na miaka kumi, baba yangu alikufa kwa homa na shule yangu ikaishia darasa la pili.

Toka hapo nimekula jasho langu. Nimechuna magome ya miwati kwenye mashamba ya watu. Nimepasua mbao kwa msumeno wa mikono, mimi nikiwa yule wa chini ya gogo, anayemwagikiwa unga wa mbao machoni. Nimesukuma baiskeli yenye viazi kutoka Mdandu hadi Makambako kabla wengi wenu humu hamjazaliwa.

Nawaeleza hayo mjue anayeandika ni nani. Mimi siyo mwalimu wala mchungaji. Simu hii nilinunua mwenyewe na naandika kwa kidole kimoja. Atakayeona herufi imepotea aiweke mwenyewe aendelee kusoma. Picha siweki, msiniombe.

Ninachosimulia kimenitokea mimi. Mke wangu yupo hapa pembeni anachambua maharage, nikiongeza chumvi atanikatiza.

Kuna kijana aliuliza humu: mtu anayeanza pikipiki afanye mazoezi kiasi gani ndipo akafanye mtihani wa leseni? Mlimjibu kwa utani tu. Mmoja akamwambia "inunue". Mimi namjibu kwa yaliyonikuta.

Iko hivi.

Mke wangu, Mama Eliya, ni mwanakwaya toka yuko msichana. Anaimba sauti ya pili. Kanisa letu liko ng'ambo ya bonde, ukisimama nyumbani kwangu unaliona bati lake. Ila kufika kuna kushuka mpaka mtoni halafu kupanda mlima ambao hata mbuzi anapumzika katikati.

Mwaka juzi, mvua za kifuku, alipanda bodaboda kutoka gulioni. Yule kijana akateleza kwenye tope. Yeye akanyanyuka akajipangusa. Mama Eliya hakunyanyuka. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Tulimpeleka hospitali ya Ikonda. Mungu awabariki waliomhudumia kule, maana alirudi nyumbani kwa miguu yake na fimbo moja. Lakini mlima wa kanisani ukawa basi tena.

Kuja kuuliza, yule kijana wa boda hakuwa na leseni. Hakuwahi kuwa nayo.

Basi mama akaapa. Akasema hivi, nanukuu: "Sipandi tena pikipiki ya mtu asiye na leseni. Mfupa wangu umeungwa mara moja, haukuungwa ili watu waufanyie mazoezi."

Na huku kwetu boda wenye leseni ni wa kutafuta kwa tochi. Wakiwepo, Jumapili wako mjini Makambako kwenye abiria wengi.

Kwa hiyo kila Jumapili alikuwa anatoa kiti nje, anakaa na fimbo yake, anasikiliza wenzake wakiimba ng'ambo. Upepo ukiwa mzuri inasikika vizuri kabisa. Na yeye anaimba sauti yake ya pili peke yake hapo uani, na kuku.

Wakuu, mimi siyo mtu wa kulialia. Ila ile nilishindwa kuizoea.

Nikauza miti kidogo, nikanunua pikipiki.

Nikaileta nyumbani nimebebewa kwenye kirikuu ya jirani, nikaishusha, nikamwambia, "Mama, Jumapili tunakwenda kanisani."

Akaizunguka. Akagusa kiti. Akaniuliza, "Leseni iko wapi?"

Nikamwambia, "Mimi ni mume wako."

Akasema, "Hata yule alikuwa mtoto wa mtu."

Jumapili nikaitoa, nikaiwasha, nikamngoja nje mbele ya majirani waliokuwa wanapita kwenda ibadani. Hakutoka. Alituma neno kwa mdomo wa jirani: "Mwambieni atangulie, mimi nitapanda siku akija na leseni halali." Majirani walicheka mpaka mtoni.

Sawa. Nikaenda kuitafuta hiyo leseni.

Nilijiandikisha chuo cha udereva Makambako. Sisemi ni kipi na sina ugomvi nao. Mwalimu alikuwa mtu mzuri, alama za barabarani alizifundisha kwa uvumilivu, na mimi nilizishika zote kwa sababu ni picha. Picha hainishindi.

Tatizo lilikuwa upande wa vitendo. Wanafunzi tulikuwa kundi zima na pikipiki za kujifunzia chache. Unapanga foleni kama ya mashine ya kusaga. Zamu yako ikifika unaenda mpaka kwenye goli la ule uwanja, unageuka, unarudi, unashuka, unampa mwenzako. Hapo hata kiti hakijapata joto.

Mwalimu akasema, "Lena, leseni ya kujifunzia, mmepata, kafanyeni mazoezi makwenu."

Nikarudi makwetu kufanya mazoezi.

Sasa hapa ndipo nataka yule kijana aliyeuliza asome polepole.

Nyumba yangu iko juu ya mlima. Njia inashuka moja kwa moja mpaka kwenye daraja la magogo. Mimi toka enzi za baiskeli ya viazi najua kitu kimoja: kushuka ni bure. Huku kwetu hata madereva wa malori, wakiufikia mteremko wanapiga free, wanaokoa mafuta.

Nikasema, petroli ya nini? Nikapanda pikipiki pale mlangoni, imezimwa, gia iko free, nikaachia breki. Nikashuka kama mfalme. Upepo masikioni, kona nakata, balansi ninayo. Nikafika darajani nikasimama vizuri kabisa.

Kurudi juu ndiyo kazi. Pikipiki ni nzito.

Nina maksai wawili wa kulimia, wanaitwa Diwani na Mtendaji, kwa sababu kila mmoja anavuta upande wake. Nikawafunga kamba, nikaifunga pikipiki nyuma yao kama jembe, nikakaa juu ya kiti nikashika usukani, wakanivuta mpaka nyumbani.

Nafungua kamba. Nashuka tena free. Wananivuta tena.

Nilifanya hivyo asubuhi na jioni. Nilipata uzoefu mkubwa. Majirani walikuja kutazama, na mimi nikawa nawaambia, "Mnaona? Pikipiki haina maajabu."

Mama Eliya alikuwa ananitazama toka jikoni. Leo nikimuuliza mbona hukunikataza, anasema, "Ulikuwa na furaha."

Siku ya mtihani nikavaa koti langu la harusi za watu. Makambako asubuhi hiyo ilikuwa na ukungu na baridi ile ya Juni, vidole vinakuwa kama vya mtu mwingine.

Maswali ya alama nikajibu yote. Afande aliyekuwa anasimamia, mtu mzima mwenye mvi kidogo, akanisifu.

Tukaenda kwenye vitendo. Wamepanga koni. Unatakiwa upite katikati yake polepole, uzunguke nane, mguu usiguse chini. Halafu kuna sehemu ya kupanda, unasimama katikati ya mlima, unaondoka tena bila kurudi nyuma.

Nikawasha. Nikaachia klachi kama mtu anayeachia mlango wa banda. Pikipiki ikaruka, ikazima.

Nikawasha tena. Ikaruka, ikazima. Nyuma yangu vijana wakaanza. "Babu, hiyo siyo baiskeli, haina kengele!"

Mara ya tatu ikaondoka. Lakini polepole sikuijua. Nilizoea mlima ndio unanipa mwendo. Koni ya kwanza niliikwepa, ya pili nikaisukuma, kwenye nane nikashusha miguu yote miwili nikawa natembea nayo katikati ya mapaja, kama mtu anayevuka mto.

Pale kwenye mlima sitaki kueleza. Nilirudi nyuma mpaka nilipoanzia.

Afande akaja akasimama karibu, akasema kwa sauti ya chini ili vijana wasisikie. "Mzee wangu, balansi unayo. Ila pikipiki hii hujawahi kuishi nayo ikiwa imewaka. Nenda kaishi nayo, kisha urudi."

Namshukuru mtu yule mpaka leo. Angeweza kunipitisha kwa kunionea huruma ya mvi. Angekuwa amemsukuma mke wangu mtoni.

Ila siku ile sikumshukuru. Siku ile nilirudi nyumbani nimenuna.

Mama akauliza, "Umepata?"

"Wamesema nirudi."

"Umefeli."

"Wamesema nirudi!"

Akaingia jikoni, na nikamsikia anapiga simu.

Aliyempigia ni mkamwana wetu, Mama Baraka, mke wa mwanangu Eliya. Eliya ni mwalimu Matamba, nyumbani anakuja mwisho wa mwezi. Mkewe yuko Njombe mjini, ni mtaalamu wa kilimo, kazi yake ni kuzungukia wakulima vijijini na pikipiki ya ofisi. Ni Mpangwa wa Ludewa, na milima ya Ludewa mnaijua. Leseni anayo toka hajaolewa. Mvua, tope, mawe, yeye anapita.

Mtasema si ungemuomba yeye toka mwanzo?

Hapo ndipo kuna jambo ambalo vijana wa mjini hamlijui. Sisi tuliokulia mila zetu, baba mkwe na mkamwana hawakaribiani. Hampeani mikono. Hamkai benchi moja. Akitaka kunipa maji anaweka mezani, anarudi nyuma, ndipo mimi nachukua. Akiwa jikoni siingii. Siyo uadui, ni heshima, tena kubwa. Toka ameolewa sijawahi kumwita jina, na yeye sijawahi kumsikia akiniongelesha akinitazama usoni.

Sasa mtu wa namna hiyo anakufundishaje pikipiki?

Jumamosi akaja. Akaisimamisha yake mbali, akanisalimia toka mbali, "Shikamoo baba," ameinamisha macho. Mama akamwambia, "Mtazame baba yako anavyofanya mazoezi." Yaani anamwambia yeye, ila maana yake nifanye mimi.

Nikafanya. Nikashuka free. Diwani na Mtendaji wakanivuta juu.

Mkamwana wangu alitazama mpaka mwisho, uso hauna kitu. Kisha akaomba ruhusa, akaenda nyuma ya jiko. Nikasikia kitu kama mtu anakohoa. Alikohoa muda mrefu.

Aliporudi machozi yanamtoka, akamwambia mama mkwe wake polepole, "Mama, baba hajawahi kuendesha. Baba amevutwa."

Niliposikia hivyo nilipandwa na hasira. Nikamwambia mke wangu, "Mwambie mimi nimeendesha baiskeli kabla baba yake hajaoa!"

Mama akamgeukia. "Anasema ameendesha baiskeli kabla baba yako hajaoa."

"Mwambie baba ni kweli. Na baiskeli haina klachi."

Mama akanigeukia. "Anasema haina klachi."

"Nimesikia! Mimi siyo kiziwi!"

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Uwanja wa mpira wa shule, Jumamosi mchana. Mimi na pikipiki upande huu. Mkamwana upande ule. Mama Eliya katikati kwenye kiti, na fimbo yake, anapokea maneno huku anayatupa kule.

Koni hatuna, tukapanga maboga. Nikilikanyaga boga, mama anapiga kelele, "Boga langu!" Kabla hajafikisha neno la klachi, pikipiki imeshazima. Tulikula maboga msimu ule mpaka wajukuu wakayakimbia.

Maendeleo yalikuwepo, lakini madogo. Neno la klachi likipita kwa mtu wa tatu linafika limepoa. Mkamwana anasema "sasa hivi", mama anasema "anasema sasa hivi", na sasa hivi yenyewe imeshapita.

Ikaja Jumamosi moja, manyunyu ya kipupwe yalikuwa yamenyesha usiku. Nazunguka nane, boga la mwisho, gurudumu la mbele likateleza. Nikaanguka upande wa ekzosi. Mguu wangu ukabaki chini, na bomba lile la moto limelala juu ya muundi wangu.

Wakuu, nilipiga yowe.

Mama Eliya akasimama na fimbo, hatua moja, mbili, hawezi kukimbia. Mkamwana alikuwa kule kwenye goli. Nilimwona. Alianza kuja akasimama. Nikaona kabisa mtu anayevutwa na vitu viwili.

Kisha akatupa kofia yake chini akakimbia.

Akashika pikipiki akainyanyua peke yake. Akanishika mguu kwa mikono yake yote miwili, akautoa, akanishika begani akaniketisha. Akachukua maji ya chupa yake akanimwagia pale palipoungua, yote, mpaka ikaisha.

Ndipo akakumbuka. Akaachia kama aliyeshika kaa la moto. Akarudi nyuma akapiga magoti kwenye nyasi zenye maji. "Nisamehe baba. Nimekushika."

Mtoto wa watu! Amenitoa kwenye moto, na anaomba msamaha.

Nikamwambia mwenyewe, bila kupitia kwa mtu, nikimtazama: "Ulitaka niungue kwa adabu?"

Halafu mama Eliya pale aliposimama akaanza kucheka. Akacheka mpaka fimbo ikamwanguka. Mkamwana naye akashindwa, akajifunika uso kwa khanga, mabega yanaruka. Na mimi muundi unawaka moto, nikacheka.

Jioni nikampigia simu dada yangu mkubwa, ndiye anayejua mambo ya wazee wetu. Nikamweleza yote. Nilitegemea anigombeze. Akasema, "Zamani wakwe wakigusana kwa bahati mbaya, baba mkwe anatoa mbuzi, mambo yanafunguliwa. Mpe mbuzi mkaendelee na pikipiki yenu, mnanisumbua nimelala."

Nikatoa mbuzi jike mwenye mimba. Mama Eliya ndiye aliyemkabidhi mbele yangu. Mkamwana akapokea kamba, akaniambia, "Asante baba." Ananitazama. Kwa mara ya kwanza nikajua kuwa macho yake yanafanana na ya mjukuu wangu Baraka.

Toka siku ile somo likawa somo.

Alisimama karibu na usukani, akaweka vidole vyake viwili juu ya vidole vyangu vinavyoshika klachi. "Achia kidogo baba. Kidogo. Usiangalie, sikia. Umesikia pikipiki imeinama kama inataka kwenda? Hapo ndipo inaposhika. Kaa hapo hapo."

Nikasikia. Kile kitu ambacho maneno hayakunifikishia, vidole vilinifikishia pale pale. Nilikaa hapo inaposhika mpaka mkono ukafa ganzi.

Akanipa kazi za wiki nzima. Jumatatu kuondoka na kusimama tu, kuondoka na kusimama. Nisiende popote. Siku nyingine kutembea polepole kuliko mtu wa miguu, bila kushusha mguu. Mama Eliya alikuwa anatembea na fimbo yake pembeni yangu, na sharti ni kwamba nisimpite. Hiyo ilikuwa ngumu kuliko mlima wowote, na mke wangu aliifurahia kuliko mazoezi yote.

Petroli nikaacha kuionea huruma. Maksai wakarudi kwenye jembe.

Mlima wa nyumbani sasa nikaufanya kwa kupanda. Nasimama katikati, breki ya nyuma, klachi mpaka inaposhika, naiongezea moto kidogo, naachia breki, naenda. Ilirudi nyuma mara nyingi. Nilikwenda kwenye mtaro mara nyingi. Sikuhesabu.

Nilipoweza, mkamwana akasema, "Baba, mtihani utafaulu. Lakini wewe humbebi afande, unambeba mama." Akafunga gunia la viazi kwenye kiti cha nyuma. Nikaanza upya kama mtoto. Pikipiki yenye mtu nyuma ni pikipiki nyingine kabisa, hilo mliandike.

Halafu barabarani. Nimebandika kibao cha L chekundu, mimi mbele, yeye nyuma na ya kwake, mpaka Mdandu. Vijana kijiweni wakaniona, "Mzee, Diwani na Mtendaji wako wapi leo?" Nikawajibu, "Wako kikaoni." Nikawasha indiketa, nikakata kona.

Mwisho wa Agosti nikarudi Makambako kufanya mtihani.

Afande alikuwa yule yule. Akanikumbuka. "Mzee wangu, umeishi nayo?"

Nikamwambia, "Tumeoana."

Koni nikapita. Nane nikazunguka, tena mara ya pili nikazunguka bila kuambiwa, akanifokea nitoke. Mlimani nikasimama. Nikasikiliza. Ikashika. Nikaondoka kama anavyoondoka mtu aliyemaliza chakula.

Sikushangilia. Nilishuka, nikavua helmeti, nikasimama kama askari.

Akauliza, "Nani alikufundisha?"

"Mkwe wangu."

"Mume wa binti yako?"

"Mke wa mwanangu."

Akaacha kuandika. Ni mtu wa huku huku, anajua. "Mzee, kwenu hamuogopani?"

"Nilitoa mbuzi," nikamwambia.

Akanitazama, akatikisa kichwa, akaandika nimefaulu. "Mbuzi huyo hakupotea," akasema. Tukapeana mkono.

Leseni ilipotoka niliifunga kwenye kitambaa, nikafika nayo nyumbani, nikamkabidhi mama Eliya kwa mikono miwili. Yeye amesoma mpaka la saba, kunizidi. Akaisoma mbele na nyuma. Akaiinua kwenye mwanga. Akaniuliza, "Daraja hili ni la pikipiki?" Nikasema ndiyo. "Na huyu aliyenuna ni wewe?" Nikasema ndiyo.

Alikwenda kwenye sanduku akatoa joho la kwaya, akaanza kulipiga pasi. Ilikuwa Alhamisi.

Jumapili alitoka mwenyewe. Fimbo tukaifunga pembeni. Akakaa, akanishika kiunoni, nikasikia anasali kwa Kibena.

Nikashuka mlima gia ya pili, injini inaunguruma, polepole. Daraja la magogo tukapita. Ule mlima wa kanisani, katikati palikuwa na ng'ombe wa mtu wamelala njiani. Ikabidi nisimame pale pale penye mwinuko, na mama yuko nyuma. Mikono yake ikanibana mpaka mbavu. Ng'ombe wakaondoka kwa wakati wao. Nikaondoka bila kurudi nyuma hata kidogo.

Nyuma yangu mikono ikalegea. Akasema, "Kumbe."

Hilo tu. Kwa mama Eliya hiyo ni hotuba.

Wenzake wa kwaya walikuwa wamesimama nje wanapasha sauti. Walipomwona wakaacha wimbo wakaja kutupokea kwa vigelegele, mchungaji akabaki mlangoni hana kwaya. Siku ile waliimba na mimi nilikaa benchi la nyuma kabisa. Nimesikiliza kwaya ile miaka na miaka. Sikujua kuwa pengo la mtu mmoja kwenye sauti ya pili unalisikia siku anayorudi.

Sasa yule kijana aliyeuliza. Mazoezi kiasi gani yanatosha? Siyo siku, siyo wiki. Fanya yale usiyoyaweza, siyo yale yanayokufurahisha. Mimi nilikuwa bingwa wa kushuka, na mtihani haukuuliza kushuka. Fanya polepole mpaka mtu wa miguu akuchoke. Fanya kwenye mwinuko. Fanya na mzigo wenye uzito wa mtu unayempenda. Na tafuta mtu anayejua akae karibu yako, siyo wa kukupigia kelele toka golini. Kama kuna kitu kinamzuia asikukaribie, kiondoeni kwa heshima, msikivunje kwa dharau.

Nilikuwa naringa kwamba kila nilichonacho nimekipata bila mtu. Leseni hii nilipewa na watu watatu: afande aliyenikatalia, mkamwana aliyenishika, na mke aliyegoma. Nawashukuru hapa hadharani, kwa sababu uso kwa uso najua nitasema jambo jingine.

Ninachomiliki leo ni hiki. Nyumba ya tofali za kuchoma yenye bati na sakafu. Shamba la miti ya mbao, nusu imekomaa. Parachichi, zimeanza kuzaa. Ng'ombe wa maziwa mmoja na ndama wake. Maksai wawili. Mbuzi. Baiskeli ya zamani, bado inatembea. Pikipiki moja na leseni yake, vyote kwa jina langu.

Nanyi mliojifunza ukubwani, au mliofundishwa na mtu msiyetakiwa hata kumgusa, semeni ilikuwaje kwenu. Anayetaka kucheka habari ya maksai acheke, ila baada ya kucheka aandike lake. Nitasoma yote nikirudi.

Mazoezi ya kwaya yanaanza saa kumi, na mama Eliya ameshakaa kwenye pikipiki ananiita.